Kizibo cha Mafuta kwa Kilo ya Kunde

Kunde zilifika Manyamanyama, mjini Bunda, asubuhi, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, zimetumwa na mama mkwe wangu kutoka Mugeta. Mwenye bodaboda aliishusha ndoo mlangoni pa chumba changu cha kushonea. Sakafuni nilikuwa nimetandaza vipande vya sare za shule, kwa hiyo nikaiweka juu ya meza ya kukatia, pembeni ya kitambaa cheupe cha gauni la kwaya. Nikafungua mfuniko nione nimeletewa nini.

Wadudu walitoka kama waliokuwa wakinisubiri. Wadogo, wa kahawia, wenye mabaka mgongoni. Wengine walitembea, wengine waliruka, na kabla sijarudisha mfuniko walikuwa wameshaenea kwenye kile kitambaa cheupe kama mtu amemwaga pilipili manga. Na mwenye kitambaa alikuwa amekaa pale pale kwenye stuli, akingoja nimpime mabega.

Mama huyo alikuwa bibi shamba mstaafu. Enzi za kazi yake alizunguka vijiji vya Bunda, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akiwafundisha watu pamba na mazao ya chakula. Sasa alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani na kunisumbua kuhusu urefu wa mikono ya magauni. Nilijua leo nitasikia maneno. Badala yake akatoa miwani kwenye mkoba, akamwinua mdudu mmoja kwa ncha ya kidole, akamtazama kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kwa mama mkwe, Mugeta. Nisamehe mama, kitambaa nitakifua."

"Achana na kitambaa. Nipe punje moja."

Nikampa. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Juu ya ganda kulikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kuliko kichwa cha pini, ambavyo mimi siku zote nilidhani ni vumbi.

"Haya ni mayai," alisema. "Jike anataga juu ya ganda. Yai likianguliwa, funza anatoboa, anaingia ndani, anakula huko huko mpaka anakuwa mdudu mzima, ndiyo anatoka na kuacha hili tundu. Ukiona tundu, ujue kazi imeshaisha."

"Dawa yake ni nini?"

"Leo unapikia nini nyumbani?"

Nilidhani hakunisikia. "Mafuta ya pamba," nikajibu.

"Basi ndiyo hiyo."

Akanieleza, huku mimi nikiwa nimeshika futi ya kupimia na nimesahau kabisa kumpima. Yai linapumua, alisema. Ukiipaka punje mafuta kidogo, ganda lote likang'aa, yai linakosa hewa na kufa, na yule jike mwenyewe akitembea juu ya punje yenye mafuta hadumu. Mafuta ya pamba, ya karanga, ya alizeti, yote yanafaa. Kipimo chake kilikuwa kizibo kimoja cha chupa ya soda kwa kilo moja ya kunde. Miaka hiyo aliwafundisha watu hivyo, wengine wakafanya. Halafu dawa za unga zikajaa madukani, mafuta yakabaki ya kukaangia tu.

Nikamuuliza mara tatu kama ni kweli kizibo kimoja kinatosha. Mara ya tatu aliniambia nipime mabega. Siku hiyo nilikata kitambaa cha sare vibaya mara mbili, na sikujali. Kichwani nilikuwa napaka kunde.

Ili mtu anielewe kwa nini nilishikwa vile, lazima nieleze habari za kunde zenyewe. Mama mkwe wangu alikuja nazo Mugeta alipoolewa, zimefungwa kwenye kona ya kitenge, kutoka kwa mama yake. Ni ndogo, nyekundu iliyoiva, na jicho jeusi. Zinaiva haraka kuliko za dukani na mchuzi wake ni mzito hata bila nazi wala karanga. Majirani waliokuwa nazo walishazipoteza mmoja mmoja, wakahamia mbegu nyingine. Yeye alikuwa amebaki nazo peke yake kijijini.

Zamani alizihifadhi kwa majivu. Baadaye akaanza kutumia dawa ya unga kama wengine wote, mpaka mwaka mmoja alipoichanganya kwa mikono mitupu ndani ya chumba kilichofungwa, akakohoa siku kadhaa asipate pumzi. Mume wangu alimpeleka hospitali Musoma. Alipona, na daktari akamwambia asiiguse tena ile dawa bila glavu na bila kufunika pua na mdomo. Yeye alisikia kipande cha kwanza tu, kwamba asiiguse tena. Msimu uliofuata hakuweka chochote, wadudu wakashinda. Ile ndoo aliyonitumia ilikuwa ya kula, na kwa simu aliniambia nichague zilizo nzima. Kwake zilibaki kama nusu debe, na hizo ndizo zilizokuwa mbegu pekee.

Jumamosi nilifunga chumba cha kushonea, nikaenda Musoma kwa dada yangu. Bibi shamba alikuwa amenitajia pia mafuta ya mwarobaini, na nyuma ya nyumba anakoishi dada kuna mwarobaini mkubwa ambao mbegu zake hufagiliwa na kuchomwa. Tulizikusanya, tukazimenya, tukazitwanga mpaka zikawa kama kinyesi cha ng'ombe, nisamehewe, lakini rangi ilikuwa hiyo hiyo. Kisha tukakanda na maji ya moto kidogo kidogo, kama unavyokanda ugali mgumu. Kwa muda mrefu hakikutoka kitu. Dada akasema mikono inamuuma na ana nguo za kufua.

"Dakika tano," nikamwomba.

"Umesema hivyo tangu saa nne."

Halafu vidole vyangu vikaanza kuteleza. Nilipobonya lile donge, tone likajitokeza pembeni, la kahawia, likakua, likaanguka kwenye bakuli. Likafuata lingine. Dada alisahau nguo zake, akashika donge kutoka upande wa pili, tukalikamua wote wawili tukicheka kama wasichana. Harufu yake ilikuwa ya kitunguu saumu kilichooza. Tulipata nusu chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, na niliibeba kwenye mkoba wangu kurudi Bunda kwa uangalifu kama nimebeba yai.

Mugeta nilifika na chupa mbili, ile ya mwarobaini na nyingine ya mafuta ya pamba kutoka duka la mtaani kwetu. Mama mkwe alinikaribisha, akanipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii mbegu ni ya kupanda ama ya kukaanga?"

"Ya kupanda, mama."

"Sasa mafuta ya nini?"

Nikaeleza upya. Nikamwonyesha mayai juu ya ganda. Alikuwa ameyaona maisha yake yote, na yeye pia alidhani ni vumbi. Akaingia ndani, akatoka na zile kunde, akazimwaga kwenye turubai juani. Tulizianika siku nzima na kuzipepeta. Kuku walikula wadudu mpaka wakawa wazito wa kutembea.

Hakukubali nizipake zote, na leo naona alikuwa na akili kuliko mimi. Alizigawa. Sehemu kubwa aliiweka kwenye majivu, kama alivyofundishwa na mama yake. Kopo moja akanipa nipake mafuta ya pamba, na kopo lingine la mwarobaini. Nikapima kwa kizibo cha soda, nikamwaga, nikaanza kugeuza kwa kijiko.

"Unapaka kama unaogopa," alisema. Akaninyang'anya bakuli, akakunja mikono ya gauni, akaingiza mikono yote miwili. Alizisugua zile kunde taratibu, kwa viganja, kama mtu anavyompaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha, mpaka kila punje iling'aa na chini ya bakuli hakukubaki hata tone.

Mimi sikutosheka. Wakati yeye amekwenda kuchunga ndama, niliingia ghalani nikaona gunia la mahindi ya magunzi, yenye unga unaodondoka. Nilimimina mafuta ya pamba yaliyobaki juu yake, nikiwa na hakika kabisa kwamba nawatendea wema. Sikumuuliza bibi shamba wala sikumwambia mama mkwe. Ningeuliza, ningeambiwa kwamba dumuzi wa mahindi si mdudu wa kunde, anaishi ndani ya gunzi ambako mafuta hayamfikii. Wiki tatu baadaye mume wangu alipigiwa simu na mama yake.

"Muulize mke wako kama mahindi nayo ni ya kukaanga."

Mahindi yalikuwa yameshikana, yananuka mafuta yaliyochacha, na dumuzi wanaendelea na kazi yao bila wasiwasi. Niliomba msamaha kwa simu. Alisema amewapa nguruwe wa jirani, na nisikanyage ghala lake tena bila yeye.

Ungedhani hilo lingenituliza. Lakini nyumbani Manyamanyama nilikuwa na kopo langu mwenyewe la kunde za dukani, nililolipaka mwarobaini uliobaki niliporudi kutoka Mugeta, na kila asubuhi nililitikisa na kuchungulia. Hakuna unga wala tundu hata moja. Mwezi ulipoisha bila mdudu, shangazi wa mume wangu alitutembelea kutoka Kibara na sangara wa kukausha, nami nikaona hii ndiyo nafasi. Nikaziosha zile kunde, nikazipika kwa vitunguu na nyanya, nikamwandalia kwa ugali wa muhogo, nikakaa mbele yake nimsikie atasema nini.

Shangazi alikula tonge la kwanza. Akala la pili, polepole. Akanywa maji. Mume wangu alitia mdomoni, akasimama, akatoka nje kana kwamba ameitwa.

"Mwanangu," shangazi akaniuliza kwa upole, "hizi kunde wananywaga wagonjwa wa malaria?"

Nilionja mwenyewe. Uchungu ulianzia kwenye ulimi ukaenda mpaka masikioni. Shangazi alicheka akatokwa na machozi, na tulikula ugali kwa sangara wake. Nilipomweleza bibi shamba, naye akacheka, kisha akaniambia kwamba mwarobaini ni wa mbegu, haumfai mwenye kutaka kula, hata ukiosha mara ngapi. "Nilidhani unajua," alisema. Tangu hapo nikawa namuuliza kila kitu, hata yale niliyodhani najua.

Kule Mugeta mama mkwe alikataa kufungua makopo kabla ya wakati. Nilipiga simu kila Jumapili.

"Umechungulia, mama?"

"Sijachungulia."

"Hata kidogo?"

"Wewe shona nguo."

Mvua za vuli zilipokaribia, baada ya miezi mitatu hivi, alipiga yeye. Alisema anatayarisha shamba na anataka mbegu. Nilikwenda siku hiyo hiyo, na bibi shamba akaomba tuongozane. Hawakuwa wamewahi kukutana. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana mvua, ng'ombe na wajukuu, mimi nimesimama nyuma yao nabadilisha mguu kama mtu anayengoja choo.

Mama mkwe alileta nyungo tatu, akaziweka uani kwa mstari. Alianza na kunde za majivu. Alizipepeta, majivu yakaruka, tukainama. Nyingi zilikuwa nzima, lakini zenye matundu hazikukosekana, na wadudu wachache waliokufa walibaki chini ya ungo. Akasema ni kama kawaida yake, si mbaya.

Kisha akafungua kopo la pamba. Kunde zilidondoka kwenye ungo kwa sauti nzito, kavu, bila vumbi lolote. Nilipiga magoti. Nilipekua kwa vidole upande huu na upande ule. Punje nne au tano zilikuwa na tundu, na bibi shamba akasema hizo ziliingiliwa kabla hatujapaka. Nyingine zote zilikuwa nzima na nyekundu kama siku zilipovunwa. Mayai bado yalikuwa juu ya ganda, meupe, makavu, na ukiyakwaruza kwa ukucha yanapukutika. Nilitaka mtu aseme kitu. Mama mkwe alikuwa amechukua punje moja ameiweka mdomoni, anaitafuna, anatazama mbali kuelekea kwenye boma la ng'ombe.

"Haijachacha," alisema hatimaye.

Kopo la mwarobaini lilikuwa safi zaidi, hakukuwa na tundu hata moja, ila hakuna aliyejitolea kuonja.

Jirani alikuwa amesogea kwenye uzio, na mwingine nyuma yake. Nilianza kuwaeleza kwa mikono na mdomo, mpaka mama mkwe akaniinulia kiganja. "Tungoje," alisema. "Mbegu safi ambayo haioti inanisaidia nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilimgeukia bibi shamba, naye akatikisa kichwa taratibu kukubali. Mafuta yakizidi yanaweza kuua uhai wa mbegu, alisema, na mbegu iliyopakwa lazima ijaribiwe. Nilihisi kama ndoo ya maji imenimwagikia. Tukachukua punje ishirini za kila kopo, tukazipanga kwenye vipande vya gunia vilivyolowa, tukazifunika, tukaziweka kivulini chini ya meza ya jikoni. Bibi shamba akarudi Bunda. Mimi nilitakiwa kurudi pia, sare za watu zilikuwa zinaningoja, lakini nilimpigia mume wangu simu nikamwambia niko Mugeta mpaka kunde ziote.

"Unangoja kunde ziote," alirudia, polepole, kama mtu anayeandika.

Siku ya pili za majivu zilivimba na kupasuka. Za mafuta zilibaki vile vile, zinang'aa tu. Mama mkwe hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinipa kazi ya kupura mtama ili nisikae nazo. Siku ya tatu za majivu zilikuwa na mikia. Za mwarobaini zilianza. Za pamba, mbili. Nilizifunika nikaenda kuteka maji bila kutumwa.

Siku ya nne nilikuwa natoka zizini na maziwa aliponiita jikoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kile kipande cha gunia, anahesabu kwa kidole. Alihesabu mara mbili. Kutoka kwenye majivu zilikuwa zimeota kumi na tisa. Mwarobaini, kumi na nane. Pamba, kumi na saba, na moja ilikuwa inajitokeza wakati tunaangalia, kimkia cheupe kinachungulia pembeni ya jicho jeusi.

"Zimechelewa tu," alisema. "Zilikuwa zinateleza."

Nilimkumbatia. Huko kwetu mkwe hamkumbatii mama mkwe ovyo, na ndoo ya maziwa ilikuwa bado mkononi mwangu, yakamwagika kidogo kwenye kanga yake. Hakujitoa. Nilisikia mabega yake yanatikisika na nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Alizipanda zote, majivu, pamba na mwarobaini, kila moja na mistari yake, akaweka vijiti. Zilipopata majani matatu hata yeye hakuweza kuzitofautisha bila vijiti. Mavuno yalipoingia alikuwa ameshaamua mambo yake mwenyewe bila kuniuliza. Za kula, pamba. Za mbegu, mwarobaini, kwa kizibo kisichojaa, na kikombe kimoja kwenye majivu kwa heshima ya mama yake. Wale wanawake wawili wa kwenye uzio walikuja na ndoo zao, kisha wakaja wengine, na safari hii hawakuja kuchungulia tu. Waliondoka na mbegu, na kila mmoja na kizibo cha soda.

Mimi nilikuwa nimemwahidi mama yangu mzazi, Butiama, kwamba nitakwenda kumwonyesha, maana maharage yake yalikuwa yanabunguliwa kila mwaka. Nilipomwambia mama mkwe siku ya safari, alisema atakuja. Kwa wazazi wangu alikuwa hajafika tangu siku za mahari. Alivaa gauni nililomshonea, akabeba chupa yake mwenyewe.

Uani kwa mama walikuwa wamekusanyika wanawake wa jumuiya wapatao kumi. Nilijiandaa kuzungumza. Nilikuwa na maneno yangu yote, yai linapumua, jike hadumu, kizibo kimoja. Nilifika kwenye yai tu.

"Ngoja," mama mkwe alisema, akasimama. "Hawezi kupaka huyu, anaogopa." Akavua saa, akakunja mikono ya gauni jipya, akaomba bakuli kubwa. Aliwaonyesha mayai. Aliwaambia kuhusu mahindi ya magunzi, bila kusema ni nani aliyeyaharibu. Aliwaambia wasije wakapika za mwarobaini. Aliwaambia wajaribu kwanza kwenye gunia lililolowa, wasimwamini mtu, hata yeye. Mama yangu alikaa karibu naye, na baada ya muda mikono yao minne ilikuwa ndani ya bakuli moja, inang'aa mpaka kwenye viwiko, wakibishana kama maharage yanahitaji mafuta mengi kuliko kunde.

Mwanamke mmoja aliyekaa kwenye gogo akauliza hayo mambo walifundishwa na nani.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anaitafuta punje moja iliyomponyoka chini ya bakuli.

"Tulijaribu," alisema, akaipata, akaifuta vumbi, akairudisha na nyingine.